Viduara Pembeni mwa Fomu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na mengine nitajipamba. Niliandika mstari mmoja wa programu, Alhamisi moja mchana, Kawangware, nikiwa na njaa na haraka, na mstari huo ukafanya kazi vizuri kabisa. Hiyo ndiyo shida. Ungekataa, ningeurekebisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo juzi juzi, msichana mwenye vyeti na mdomo, nikapata kazi kwenye mradi mdogo wa chanjo za watoto. Ofisi yake ilikuwa vyumba vitatu karibu na soko la Kawangware, na mimi nilizaliwa hapo hapo, ng'ambo ya barabara. Mchana nilikuwa naenda kula kwa mama. Majirani walisema binti yake anafanya kazi ya kompyuta, na mimi nikawaacha waseme, tena kwa sauti.

Mradi ulikuwa na kompyuta mbili zisizosemezana. Ya kwanza ilikuwa kubwa, seva iliyofungiwa chumba cha nyuma pamoja na feni yake, na kazi yake ilikuwa takwimu tu. Unaipa majibu ya marundo ya fomu, inakupa wastani, inakisia ni nyumba gani zina watoto ambao huenda hawajachanjwa. Tuliiita Mzee, kwa sababu ilikuwa ya polepole, haitoki chumbani, na kila mtu aliiendea kwa heshima na swali moja. Ya pili ilikuwa mezani kwangu. Ndani yake mlikuwa na programu iliyoandikwa kwa Prolog, ambayo ni lugha ya mantiki. Lugha hii huiamrishi fanya hivi, kisha fanya vile. Unaieleza mambo ya kweli na kanuni, basi. Huyu ni mtoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano anahitaji chanjo. Muuguzi haendi Silanga, kule Kibera, mvua ikinyesha, kwa sababu njia ya kule karibu na bwawa inageuka uji. Makina haendi Ijumaa saa za swala, kwa sababu hatapata mtu nyumbani. Halafu unaiuliza: leo muuguzi abishe mlango gani? Inajitafutia yenyewe. Hiyo tuliiita Wakili, maana ilipenda hoja.

Sasa, Mzee alijua nyumba zilizo hatarini, na Wakili alijua jinsi ya kuzifikia. Kabla yangu, karani alikuwa anachapisha majibu ya Mzee kwenye karatasi, anayabeba hadi chumba cha mbele, anaketi na kuyachapa upya kidole kimoja kimoja. Kazi niliyoajiriwa kufanya ilikuwa kuwaunganisha hawa wawili wazungumze moja kwa moja.

Nilihangaika, haki ya Mungu. Nilipitisha waya mweusi darini kutoka chumba cha nyuma hadi kwangu, na waya wenyewe ulikuwa na maringo: ukikosa kizibo mwishoni, kompyuta zote mbili zinanyamaza. Kisha Mzee ilibidi afundishwe kusikiliza wageni. Wakili naye ilibidi afundishwe kubisha, kuuliza kwa maandishi, kusubiri, kupokea jibu, na kuligeuza jibu hilo liwe jambo analoliamini. Katikati yao niliandika programu ndogo ya kutafsiri. Siku Wakili alipouliza mbili na mbili ni ngapi, na jibu likarudi kupitia darini, nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio na rungu.

"Ni nini?"

"Nne!" nikamwambia.

"Nne?" Akachungulia nyuma ya mlango. "Wako wapi?"

Tulicheka wiki nzima. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na nilijiona nimefika.

Sasa nimlete mwenye kisa. Alikuwa mama mmoja wa Kisumu Ndogo, pale Kibera, muuza omena, wale dagaa, mjane aliyekuja kutoka ziwani miaka mingi kabla. Mradi ulimchukua apeleke fomu nyumba kwa nyumba, kwa sababu hakukuwa na mlango upande ule asioujua, na hakuna mlango aliofungiwa. Alikuwa na kicheko cha taratibu kinachoanzia tumboni. Mimi nilimwita mama, naye aliniita nyathina, yaani mwanangu. Alilea wajukuu, wote bado hawajaanza shule, ambao binti zake walimwachia, na kale kadogo kabisa, kasichana ka miaka miwili hivi, alikuja nako ofisini mgongoni. Kasichana hako kalipenda printa yetu. Printa za siku zile zilikuwa na kelele kama cherehani iliyokasirika, na kila ilipoanza kulia, kalitikisa mabega na kucheza. Hata daktari, mkubwa wetu, mtu asiyecheka bure, alikuwa anaacha mlango wake wazi ili akaone.

Fomu za kwanza alizoniletea zilikuwa safi, mwandiko mzuri, lakini swali la tano lilikuwa wazi kwenye nyingi. Swali la tano: watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi?

"Mama, hapa mbona hujajaza?"

"Yawa, nyathina. Hawasemi. Ukiuliza watoto ni wangapi, mtu anakwambia 'wako'. Unataka nimlazimishe? Mtoto hahesabiwi kama gunia. Kwani wewe hukuzaliwa na watu?"

Nikacheka, kwa sababu nilizaliwa na watu hao hao. Mama yangu mzazi ni wa magharibi mwa nchi, na sijawahi kumsikia akituhesabu. Karani wa serikali alikuja kwetu nikiwa darasa la tatu, akauliza mna watoto wangapi hapa, na mama akamjibu, "Wako, wanacheza," akaendelea kuchambua mboga. Karani akauliza tena. Mama akampa kiti na chai. Wakati wa kupakua, hakuhesabu sahani wala vichwa. Alikuwa anatutazama usoni: wewe, na wewe, na huyu, na yule mkorofi. Ukimwita mtoto kwa namba, unamwonyesha kwa kifo, ndivyo tulivyoelewa. Hakuna aliyetufundisha, tulikua tunajua hivyo.

Kwa hivyo msije mkasema sikujua. Katika ofisi ile nzima, nilijua kuliko wote.

"Basi wewe unafanyaje?" nikamuuliza.

Akanisogelea, akanionyesha pembeni mwa fomu. Palikuwa na kiduara kidogo cha kalamu ya bluu. "Naangalia kamba ya nguo. Nikiona vinguo vidogo, nepi, soksi, naweka hiki. Maana yake wako. Simuulizi tena, simuaibishi. Na wewe usije ukaweka sifuri hapo, umesikia? Ukiweka sifuri ni kama umewazika."

"Nimesikia, mama."

"Utaviweka kwa kompyuta, hivi viduara?"

"Nitaviweka."

Akatafuta ndani ya rundo, akatoa fomu moja na kuanza kucheka. Ilikuwa ya nyumba yake. Alijihoji mwenyewe, mezani kwake, na kwenye swali la tano alikuwa amejinyima jibu kama wengine wote. Pembeni aliweka kiduara, kikubwa kuliko vyote. "Hata mimi nilishindwa kujiambia," akasema, na kasichana mgongoni kakacheka kwa sababu yeye alicheka.

Majibu yaliingizwa kwa Mzee na karani, sanduku kwa sanduku, kama fomu zilivyopangwa. Fomu haikuwa na sanduku la viduara. Ningepaswa kufungua jedwali, kuongeza safu mpya, kisha kupitia rundo lote tena karatasi kwa karatasi. Kazi ya siku mbili, labda tatu. Niliiahirisha, kwa sababu waya ulikuwa mtamu zaidi.

Ndipo ikafika ile Alhamisi. Wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa kuona kompyuta zikizungumza. Asubuhi niliendesha mambo yote kwa mara ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, na Wakili akakwama. Nikatazama. Mzee, mahali penye majibu wazi, alikuwa anatuma herufi mbili badala ya namba. Kwa lugha ya takwimu, herufi hizo zina maana moja tu: hapa sijui, sina jibu. Mzee alikuwa mwaminifu. Hakubuni kitu. Lakini Wakili alisubiri namba, na alipoletewa herufi alisimama kama punda katikati ya barabara.

Saa saba mchana sikuwa nimekula. Daktari alipita mara mbili, akauliza, "Tuko sawa?" Mara zote mbili nikasema tuko sawa. Halafu nikaandika ule mstari, kwenye programu yangu ya kutafsiri: jibu lisipokuwa namba, liruke.

Nieleze maana yake, kwa sababu ndipo nilipolala mlango wazi. Ile lugha ya mantiki haina sijui. Jambo ambalo hujaiambia, kwake si kweli. Ukiiuliza nyumba hii ina mtoto, na haina habari yoyote ya mtoto, haikwambii ngoja nikaulize. Inakwambia hapana, tena bila kusita. Kila mtu aliyefundishwa lugha hiyo anafundishwa jambo hilo wiki ya kwanza. Mimi nililifanyia mtihani nikapita. Kwa hivyo Mzee alisema sijui, Wakili akasikia hapana, na mkalimani kati yao nilikuwa mimi.

Nililijua hilo nikiwa naandika. Nilijiambia Jumatatu nitaweka viduara. Kisha nikaenda kwa mama nikala githeri, na nikarudia sahani.

Ijumaa ilikuwa sherehe. Wafadhili walijaa chumba cha mbele, watu wa nje na wa kwetu, na mama wa omena aliitwa naye kama mtu wa mtaani. Alivaa kitambaa kipya kichwani. Nikabonyeza. Wakili akabisha kwa Mzee, Mzee akajibu, taa ndogo zikapepesa, na printa ikaanza kutoa orodha ya nyumba za kutembelewa. Kasichana kakasikia ile kelele, kakashuka mgongoni kwa bibi yake, kakasimama katikati ya chumba na kutikisa mabega. Wageni wakapiga makofi. Walikapigia kasichana, wakanipigia na mimi, na karatasi ikazidi kutoka bila nyumba yake.

Jumatatu nilikumbuka. Nilikumbuka hata rangi ya kalamu. Lakini daktari alikuwa ameshakabidhi orodha kwa wauguzi, na bado alikuwa ananisifu mbele ya watu. Kumwambia angoje kungekuwa kumwambia kwamba kitu alichopigiwa makofi ni kibovu. Nikanyamaza. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Niliogopa kuonekana mjinga, na nikanyamaza.

Wauguzi waliingia Kisumu Ndogo wiki hiyo, na aliyewaongoza mlango kwa mlango, orodha mkononi, alikuwa mama wa omena mwenyewe. Siku chache baadaye alikuja ofisini kuleta fomu nyingine.

"Nyathina, mashine yako iliniruka," akasema, akicheka. "Tulifika kwa jirani, tukapita kwangu, tukaingia wa pili."

"Na hukumwambia muuguzi?"

"Nimwambie nini? Orodha nimeshika mimi. Nikianza kuingiza mjukuu wangu, kesho watasema nilipewa kazi ili nijipendelee. Na wengine walirukwa pia, wakaniuliza, nikawaambia mtulie, kompyuta ina mpango wake. Si zamu yetu inakuja?"

"Inakuja," nikasema.

Hapo ndipo ningesema. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, hatua kumi. Muuguzi angerudi kesho yake. Badala yake nilimpa chai, nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi kufanya kazi niliyopaswa kufanya mwanzoni, tena kimya kimya, mtu asijue. Nilifungua jedwali, nikaongeza safu, nikapitia rundo lote fomu kwa fomu nikitafuta viduara vya bluu. Vilikuwa vingi, wueh. Kila kimoja nilikiona kikinitazama. Nilifuta ule mstari wangu, nikaandika mwingine wa kusema kwamba kiduara ni mtoto hata kama namba haipo. Ilichukua wiki tatu, kwa sababu nilikuwa naifanya kwa kuiba muda. Orodha mpya ilipotoka, nilimwambia daktari ni marekebisho madogo. Wauguzi walikuwa wameshahamia upande mwingine, na Kisumu Ndogo ikapangiwa mwezi uliofuata.

Ukambi ulifika kabla yao.

Mlinzi ndiye aliyeniambia. Kasichana ka bibi wa omena kako hospitali, akasema, kana vipele mwili mzima na homa haishuki. Nilienda chooni nikalia, halafu nikanawa uso nikarudi kwenye kiti. Sikwenda hospitali. Nilijiambia siruhusiwi, nilijiambia kuna watu wengi, nilijiambia mambo. Kalipotoka hospitali kakiwa hai nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikadhani nimesamehewa.

Jumamosi nilinunua mkate na maziwa, nikatoka Kawangware kwa miguu, nikashuka hadi Dagoretti Corner, nikafuata barabara ya Ngong, nikaingia Makina na kuteremka. Nilitaka kutembea. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mama, ni mimi, mashine haikukosea. Nilikuwa nayo yote mdomoni nilipobisha.

Alinikaribisha kwenye kigoda nje ya mlango, karibu na beseni la omena. Wajukuu walikuwa hapo hapo uani. Kasichana kalikuwa kamekaa chini kamenipa mgongo, kanacheza na vifuniko vya chupa. Kalikonda, lakini kalikuwa kamekaa wima.

"Kamepona," nikasema.

"Kamepona." Akachukua sufuria, akaigonga na mwiko kwa nguvu, karibu kabisa na kichwa cha mtoto. Majirani waligeuka. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kupanga vifuniko vyake. "Daktari wa hospitali anasema masikio yameenda na homa," akasema. "Yote mawili."

Nilishika mkate. Nakumbuka nilikuwa nimeushika sana hadi ukabonyea.

Akakaa, akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nyathina, nikuulize kitu. Vile viduara uliviweka, sivyo?"

Maneno yote niliyotembea nayo yalikuwepo.

"Niliviweka, mama," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeviweka vyote.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. "Basi ni mimi. Mashine ilitaka namba, mimi nikaipa kiduara. Niliringa na mila zangu, na wanawake wote wa mstari huu wa nyumba nikawaharibia." Akainuka. "Una fomu?"

"Mama, acha. Si lazima."

"Una fomu?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, siku hizo nilitembea nazo. Akaita wajukuu wasimame. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alielewa kabla yangu, akasema, "Uwii, mama, usifanye hivyo," akaacha nguo yake ikining'inia nusu. Mama wa omena aliweka mkono juu ya kichwa cha mkubwa, na kwa sauti ya kusikika mstari mzima, akasema, "Moja." Akahamia kwa anayefuata. "Mbili." "Tatu." Kasichana hakakuja, kwa sababu hakakusikia kakiitwa. Ikabidi amwendee, ainame, amshike kichwa kwa mikono miwili. Mtoto akainua uso, akaona midomo ya bibi yake ikisogea, akatabasamu.

"Nne," akasema. "Andika."

Niliandika. Mkono wangu uliandika nne vizuri, mwandiko wa shule.

Sijawahi kumwambia. Mradi ulifungwa, alihama, na nilipata miaka ya kumtafuta ambayo sikuitumia. Mama yangu mwenyewe nilimwambia nikiwa mtu mzima, nikitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama yule bibi alirudia kuwahesabu baadaye.

Jumatatu niliingiza ile fomu. Mzee aliipokea, Wakili akabisha, na safari hii ikarudi namba, hakuna herufi, hakuna kukwama. Nyumba ina watoto: ndiyo. Chanjo ya ukambi inahitajika: ndiyo. Muuguzi aende: ndiyo. Nikabonyeza ili orodha itoke, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa. Printa ilipoanza kulia, nilitoka nje.